Mikono Safi ya Ragna: Sehemu ya Kumi na Nne

Nawatega kimoja kabla chai haijapoa. Mkishindwa msinipe mji, miji ninayo tele. Nipeni masikio tu.

Nilikuwa na mbwa anayeng'ata watoto wa jirani. Nikamuuza. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikatangaza mtaa mzima kuwa mimi sasa ni mtu mwema. Asubuhi yake nasikia kilio kilekile: mbwa yuleyule, meno yaleyale, mshika kamba tu ndiye mpya. Ni nini?

Mnasema ni fitina. Siyo. Mnasema ni mchawi. Mchawi hauzwi.

Ni hisa, wajukuu zangu. Kile kipande cha umiliki ambacho tajiri akishaona kampuni inanuka humwuzia tajiri mwingine, akaenda kulala, na kampuni ikaendelea kung'ata palepale ilipokuwa iking'ata. Ragna Tveit wa Oslo kazi yake ilikuwa kuuza mbwa wa namna hiyo, na aliifanya kwa moyo mweupe.

Tulimwacha Jumatatu saa mbili asubuhi, kwenye nyumba ya ukoo wao huko milimani Valdres, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la kuni, kitabu cha wageni kimefunguka mapajani, damu imemkimbia usoni. Nje theluji ilikuwa ikilia kruu, kruu, chini ya viatu vya mtu. Nyayo zikapanda ngazi. Kitasa kikageuka.

Aliyeingia hakuwa polisi. Alikuwa Oddvar, kaka yake wa tumbo moja, barafu imeganda kwenye ndevu.

"Kumbe upo," akasema.

"Umelipita gari langu hapo nje. Ulidhani limejileta lenyewe?"

Oddvar hakucheka. Macho yake yalishuka moja kwa moja mpaka kwenye kitabu.

Kwa yule aliyefungiwa maandazi kwenye gazeti la wiki jana, nampa mkono haraka avuke. Ragna ni mmoja wa watu watano wa Baraza linalosema Mfuko wa Vizazi uachane na kampuni zipi. Mfuko huo ni mali ya wananchi wote, mafuta ya baharini yaliyogeuzwa akiba ya watoto ambao hawajazaliwa, nao una vipande vya kampuni dunia nzima. Kipande kimoja ni cha Lumora, kampuni inayochimba mifereji kule Kongo, inaukausha msitu wa kinamasi ili ipande michikichi. Mkurugenzi wake ni Desmond Raikes. Maji yamekimbia, samaki wamekufa, na udongo wenyewe, ukikauka, unawaka moto chini kwa chini.

Aliyemwandikia Ragna habari hizo ni Mama Bolumbu wa kijiji cha Bolengwa. Aliandika kwa siri kupitia kwa Padre Loleka, maana mama hajui Kifaransa. Jina lake walilijua watu watatu: Padre, Ragna, na Terje mwenyekiti wa Baraza. Halafu, miezi miwili baada ya Pasaka ya mwaka juzi, walinzi wa Lumora wakafika nyumbani kwake wakimwita kwa jina. Nyumba ikabomolewa. Mumewe, Ilonga, alipigwa mgongoni kwa mtutu, na mpaka leo hatembei.

Tangu hapo Mama Bolumbu ana swali moja. Liko mwisho wa kila barua: Ni nani aliyenitaja?

Hakuna aliyewahi kumjibu.

Na jana Jumapili Ragna alipanda mlimani kutuliza kichwa, kwa sababu leo saa nane mchana Baraza linatia saini barua ya kuachana na Lumora. Barua ya miaka sita. Asubuhi akachukua kitabu aandike mstari wake kabla ya kuondoka, kama ilivyo sheria ya nyumba. Karatasi zikajifunua zenyewe kwenye Pasaka ya mwaka juzi. Mwandiko wa kigeni, herufi zimelala:

*Asante kwa theluji, kwa kahawa, na kwa keki za chuma. Nitamkumbuka Mama Bolumbu wa Bolengwa, mwenye chuma kama chako. Desmond Raikes.*

"Lete," Oddvar akasema, mkono ameunyoosha.

"Huyu Desmond," Ragna akasema polepole. "Huyu wa sweta ya kijani. Aliyekula keki saba."

"Nane. Lete kitabu."

"Ulisema ni mteja wako wa pampu."

"Si ndiyo. Nauza pampu, yeye ananunua pampu. Ulitaka nimwite askofu?"

"Pampu za kukausha kinamasi."

"Pampu hazina dini, dada yangu. Zinavuta maji palipo na maji."

Mnajua ilikuwaje? Marehemu baba yao aliacha sheria mbili kwenye nyumba ile. Ya kwanza, kazi inaachwa mlangoni pamoja na viatu. Ya pili, mgeni hatoki mpaka ameandika kitabuni. Kwa sheria ya kwanza, Ragna hakumwuliza mgeni anafanya kazi gani, wala mgeni hakumwuliza. Uso wa Raikes Ragna hakuwahi kuuona, wala alichoandika mgeni kitabuni hakukisoma. Oddvar alimtambulisha kama Desmond tu, na huku Desmond tu inatosha. Hata waziri tunamwita jina lake la kwanza. Mwanamke aliyekuwa akiichunguza Lumora mwaka wa nne akamchomea mkurugenzi wa Lumora keki za kubanwa kwenye chuma, akampakia jibini ya kahawia na jamu, akamwambia ongeza.

Na kwa kuwa kazi haisemwi mezani, akatafuta maneno ya jikoni. Akasema: chuma hiki alikiacha bibi yangu. Kuna mama mmoja mbali sana huko Bolengwa anacho kama hiki, kiliachwa na masista, naye anachoma keki zake kwenye mkaa. Anaitwa Mama Bolumbu.

Hivyo tu. Maneno ya kupitishia kahawa.

"Niliona ni hadithi ya keki," Ragna akasema. "Sikusema barua. Sikusema mfereji."

"Najua, nilikuwepo. Hata yeye hakushtuka, aliandika kwa kujipendekeza tu. Tulipokuwa tunashuka kwenye gari ndipo akaniuliza: dada yako amelijuaje jina la Bolengwa, mahali ambapo hapapo hata kwenye ramani?"

"Ukamjibu nini?"

Oddvar akavua glavu moja, akaivaa tena.

"Oddvar. Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kazi yako. Ameuliza, nikajibu. Haikuwa siri, jina lako liko kwenye tovuti ya serikali. La yule mama ndilo lilikuwa siri, na hilo sikulitoa mimi."

Ragna alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na hakuwahi kumpiga mtu. Alikitazama kile kidevu chenye barafu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo heshima.

"Umekuja kukata kuni Jumatatu asubuhi?" akamwuliza.

"Nimekuja kuchukua kitabu. Mama yetu kanipigia jana."

"Mama anahusikaje?"

"Kaniambia leo nimpeleke mimi hospitali, eti Ragna ana kura ya Lumora saa nane." Oddvar akatabasamu kwa upande. "Siri ya Mfuko mzima, dada yangu, na wewe unaimwaga kwa Mama kama maji ya kuoshea vyombo. Halafu unashangaa majina yanavuja."

Hilo lilimwingia. Lilimwingia mahali ambapo hata matusi hayafiki.

"Nikakumbuka kitabu," Oddvar akaendelea. "Nikasema, kesho waandishi wa habari wakianza kuchokonoa Lumora, mmoja wao atafika mpaka hapa. Atakuta saini ya Desmond chini ya paa letu. Mimi nimekwisha. Na wewe zaidi yangu."

Hapo hakusema uongo. Sheria ya Baraza haina huruma: mjumbe aliyemkaribisha mezani pake mtu anayechunguzwa hana kura, na kila alichokigusa kinaanza upya. Barua ingerudi sifuri. Miaka sita mingine.

Oddvar akakishika kitabu kwa upande wake. Ragna akakishika kwa wake. Wakawa watoto tena, mmoja huku, mmoja kule, wanavutana.

"Chana ukurasa mmoja," Ragna akasema, na aliposikia maneno hayo yanatoka kinywani mwake akaona haya.

"Baba aliweka namba kila ukurasa. Ukitoka mmoja, unapiga kelele kuliko ukibaki."

"Mna mwandiko wa Baba humu. Mna mstari wake wa mwisho."

"Najua."

"*Upepo wa kaskazini. Magoti yanauma. Nimefurahi kuwaona wote.*"

"Najua, Ragna. Umeshaukariri. Achia."

Mtu akiwasimulia kwamba Oddvar alimpokonya, mkatae. Kitabu hakikupokonywa. Vidole vya Ragna viliachia kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa kidole gumba. Mlango wa jiko ukafunguliwa. Jalada la ngozi lilikataa kushika moto kwa muda, likakunjamana, kisha likakubali.

"Nitamwambia Mama panya wamekila," Oddvar akasema. Alisimama mpaka alipohakikisha, akasugua mikono yake kama mtu aliyemaliza kazi ya mikono. "Haya, nenda kapige kura yako. Waambie waondoke Lumora, mle keki."

Ragna alikuwa tayari anavaa koti. Mkono ukakwama kwenye kikono.

"Wewe unataka tuondoke? Mteja wako huyo."

"Mteja wangu ndiye anayetaka zaidi."

"Rudia."

"Nyinyi wote mna akili za vitabu." Alikaa kwenye kigoda cha dada yake bila kuulizwa. "Nani anamsumbua Desmond kila mwaka? Nani anamtumia maswali kurasa arobaini, mfereji namba saba una kina gani, moto umewaka wapi, malalamiko yako wapi? Ni Mfuko wenu. Wenzenu wanachukua faida na kunyamaza. Nyinyi mna sehemu moja katika kumi, hawezi kuwafungia mlango. Mkiuza, kuna mnunuzi amekwisha kukaa mkao wa kula. Hana Baraza, hana barua, hana Mama Bolumbu. Desmond ameshaweka divai kwenye barafu."

"Unasema uongo."

"Sawa, nasema uongo. Uza basi."

Ragna akatoka bila kufunga mlango.

*

Saa tatu za barabara. Milima ikashuka, theluji ikageuka tope, magari yakaongezeka. Ragna aliendesha mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani kama anafanya mtihani.

Kitabu kilishakuwa majivu. Oddvar hatasema, anajipenda. Raikes hatasema, ana divai kwenye barafu. Mama atasikia habari za panya. Basi jambo hilo halikuwahi kutokea, sivyo? Mambo mangapi duniani hayakuwahi kutokea kwa mtindo huo.

Simu ikalia. Terje.

"Ragna, uko wapi? Usije ukateleza shimoni leo."

"Nimepita Hønefoss."

"Vizuri. Wanne tumeshatia saini, tumekubakizia wewe nafasi ya mwisho, ni haki yako. Halafu nina zawadi kwako."

"Sitaki zawadi, Terje."

"Hii utaitaka. Nimempata Mama Bolumbu. Padre Loleka amemleta mjini penye mtandao, tutawaona kwenye skrini. Nimeona asikie kwa masikio yake kwamba tumemsikiliza."

Ragna akawasha taa ya kupinda, akaegesha pembeni kwenye tope, akashuka, akapangusa tope kwenye kioo cha mbele kwa kiganja. Kisha akaendelea na safari.

*

Chumba cha Baraza kina dirisha kubwa linaloonyesha bandari. Mezani palikuwa na birika la kahawa, na mbele ya kila mjumbe vipande vya mkate vya kutoka nyumbani vikiwa vimetenganishwa na karatasi. Katikati ya meza ililala barua. Karatasi mbili. Saini nne.

Terje alikuwa mwema, na wema wake ndio uliokuwa ukitia uchungu. Alimvutia Ragna kiti. Alimmiminia kahawa. Alimwekea kalamu upande wa kulia.

Skrini ikawaka. Wakaonekana wawili wamekaa kwenye benchi moja, nafasi ya mtu mzima katikati yao. Mama Bolumbu alikuwa mfupi, kitambaa cha buluu kichwani, mikono mapajani. Padre Loleka alikuwa amekonda. Ragna alimjua kwa picha aliyotumiwa miaka minne nyuma, na ya leo ilikuwa kama ya kaka yake mgonjwa.

"Mama," Terje akaanza, "leo Mfuko wetu unaachana na Lumora. Tumeona ubaya wao. Tumeona wewe ulisema kweli."

Padre akatafsiri. Mama Bolumbu akasikiliza mpaka mwisho, akasema maneno machache. Padre akayaleta:

"Anauliza: mkiachana nao, mifereji itafungwa?"

Terje akakohoa. "Hapana, siyo moja kwa moja. Sisi tutauza sehemu yetu."

"Mtamwuzia nani?"

"Yeyote atakayenunua. Hatuchagui."

"Huyo yeyote atafunga mifereji?"

Mjumbe mmoja akajifanya anakunja karatasi ya mkate wake.

"Mama, elewa," Terje akasema kwa upole. "Wananchi wetu hawataki mali yao itokane na uharibifu wa aina hiyo. Hawataki doa."

Mama Bolumbu akamwambia Padre jambo, Padre akasita, mama akamgusa bega kwa kidole: sema.

"Anasema: nyinyi mnataka mikono safi. Sisi tunataka maji. Anasema, mwenye sehemu moja katika kumi ya nyumba hawezi kuamuru dirisha lifungwe, lakini anaweza kukaa sebuleni akapiga kelele mpaka lifungwe. Nyinyi mnatoka sebuleni. Mnatoka kimya, mmeshika viatu mkononi."

"Tumepiga kelele miaka sita," Terje akasema.

"Mlipiga kelele kwa karatasi. Siku ya mkutano wa wenye kampuni, mlinyanyua mkono kumkataa Raikes?"

Terje akamtazama Ragna. Ragna akaitazama kahawa. Hawakuwahi. Lilijadiliwa, likaahirishwa, maana huku watu hawapendi kumsimamisha mtu mbele ya wenzake.

"Mama, tumesikia," Terje akasema. "Kwa bahati mbaya uamuzi umeshafika mbali. Una neno la mwisho?"

Mama Bolumbu akageuka kwenye benchi. Alipoanza kusema hakuitazama skrini. Alimtazama Padre usoni, kwa karibu, na Padre akawa anatafsiri huku macho yake yako sakafuni.

"Anasema, anajua mnajua swali lake. Anasema, Bolengwa wameshapata jibu lao. Wanasema aliyemtaja ni..." Padre akajigusa kifua kwa kidole. "Ni Padre. Ni mimi. Wanasema barua ziliandikwa na mkono wangu, basi jina liliuzwa na mkono wangu. Anasema, kanisani sasa wanakuja watu watano. Watoto wananirushia matope. Anasema, mimi ndiye niliyempeleka Ilonga hospitali mgongoni mwangu, na hata Ilonga hataki tena nimguse."

Mama akaendelea. Sauti haikupanda hata kidogo.

"Anasema: nimekaa naye benchi moja leo, anabeba maneno yangu kuyaleta kwenu, na sijui kama nimekaa na aliyeniuza. Kama ni yeye, semeni, nijue wa kumchukia. Kama si yeye, semeni, nimwombe msamaha kabla hajafa kwa aibu. Msitu fanyeni mtakavyo, mmezoea. Mimi naomba hilo moja. Ni nani aliyenitaja?"

Padre alipomaliza kutafsiri alifuta uso kwa mkono wa kanzu.

Terje akainamia kipaza sauti. "Mama, Baraza lilichunguza suala hilo kwa makini. Kwa upande wetu hatukuona popote palipovuja. Tunasikitika sana."

Sikilizeni maneno hayo yalivyonyooka. Ukiyasikia upande wa Oslo ni taarifa. Ukiyasikia upande wa Bolengwa ni hukumu: kama si wao, basi ni Padre.

Padre Loleka aliyatafsiri vilevile. Hakupunguza, hakuongeza. Mama Bolumbu akatikisa kichwa taratibu, akasogea kidogo kwenye benchi. Akasogea mbali naye.

"Ragna," Terje akanong'ona. "Tia saini, tumalize. Wanalipia mtandao kwa dakika."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Hakukumbuka aliichukua lini. Mstari wa tano ulikuwa wazi, jina lake limepigwa chapa chini yake. Akitia saini, Raikes anafungua divai, lakini barua inapita, na miaka sita inapata kaburi lenye jina. Akisema, barua inachanwa, kiti chake kinakwenda, Oddvar anakwenda na maji, na Mfuko unabaki na mbwa wake mkononi, utake usitake, wala hakuna ajuaye kama utamfunga kamba au utamwachia tena.

Alijaribu kupima lipi lingeufaa msitu. Alipima kama alivyofundishwa, upande huu na upande ule, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaona mizani haina kazi. Swali halikuwa la msitu. Mwanamke aliuliza jambo moja linalojibika, na katika chumba kile chenye watu watano wasomi ni mmoja tu aliyekuwa na jibu.

"Terje," akasema, "niwashie kipaza sauti."

"Ragna, tuna ajenda."

"Washa."

Terje akawasha, akidhani ni kwaheri. Taa nyekundu ndogo ikaonekana.

"Padre," Ragna akasema, "hili usilibebe wewe. Umebeba ya kutosha."

Padre Loleka akainua macho. Mama Bolumbu aliposikia sauti ngeni ya kike akageuka kutoka kwa Padre, akaikabili skrini, akaikaza macho kama mtu anayetafuta uso mmoja sokoni. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa wino tu, na kwa picha ya chuma cha kuchomea keki.

Katika barua za miaka sita, Padre alizoea kuacha salamu za mama katika Kilingala chake mwenyewe, bila kuzitafsiri, na Ragna alizisoma jikoni kwake na kamusi, neno kwa neno, mpaka akapata ya kutosha kuomba maji na kutoa pole. Hakudhani angeyahitaji kwa jambo hili.

Aliiweka kalamu chini. Akasema kwa Kilingala kile cha kuokota, kila neno likitoka peke yake:

"Ni mimi, mama. Si Padre. Siku ya Pasaka, mezani kwetu, Raikes alikuwa anakula keki zangu. Jina lako nilimpa mimi."